Mstari wa macho ni nini unapochora kundi la watu ndani ya jengo

Mstari wa macho ni ule mstari wa kufikirika unaopita kwenye picha nzima kutoka kushoto mpaka kulia, usawa wa macho ya mchoraji mwenyewe. Kwenye picha ya watu wenye majoho ndani ya kanisa au ukumbi mkubwa, huu ndo unaoamua kama wamesimama humo ndani kweli au wanaelea.

Nenda kanisa la St. Joseph, Dar es Salaam, pale karibu na feri siku kwaya imevaa majoho, simama nao sakafu moja alafu angalia vichwa. Mwenye urefu kama wako awe hapo mbele yako au kule mbali kabisa, macho yake yako kwenye mstari uleule, kinachobadilika ni chini, pindo la joho la wa mbali linapanda na la wa karibu linashuka. Wanaoanza wengi wanampandisha wa mbali mzima mzima mpaka kichwa kinawazidi wenzake, basi anaonekana kama kasimama juu ya meza. Ukichora umekaa kwenye benchi mstari unashuka, unawakata waliosimama kifuani au tumboni, ila wote unawakata palepale. Padri aliye kwenye ngazi za altare ndo anazidi, na mtoto anabaki chini, hiyo ni sawa.

Jengo nalo linafuata huohuo, ukiangalia moja kwa moja mbele basi kingo za dari zinashuka kuuelekea na za mabenchi zinapanda, zote zinakutana kwenye nukta moja iliyo kwenye mstari huo.

Mfano ninaoupenda sana ni wa Mfaransa François-Marius Granet, alichora kwa mafuta watawa Wakapuchini kanisani kwao Roma mwaka 1814 na 1815, mwanga unatoka dirisha la mwisho kabisa na watawa wamepangana pande mbili, na ukiitazama unaamini kabisa kuwa ukumbi ni mrefu.

Kwa rangi ya mafuta anza na jengo, rangi uliyoipunguza kwa tapentaini, majoho yaje juu kwa rangi yenye mafuta ya mbegu za kitani zaidi, maana ukigeuza, ya juu inakauka kabla ya ya chini na baadae inapasuka. Na kwa vile inachelewa kukauka, siku ya pili mara nyingi bado unaweza kulainisha ukingo wa joho uingie kwenye kivuli cha nguzo. Mstari wenyewe usiufunike mapema, uache uonekane mpaka joho la mwisho limepata pindo lake na kivuli sakafuni.