Kuifuata chemchemi hadi kwenye jicho lake

Nikienda kupiga kambi kwenye chemchemi, sisahau kipimajoto. Kazi yangu ni maji ya chini ya ardhi, na kwa miaka yote hii kifaa hicho kidogo ndicho kilichonifundisha mengi kuliko ramani.

Mimi huanzia na mtumbwi pale mkondo wa chemchemi unapoingia mtoni. Mto wenyewe huwa na rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza, lakini maji ya chemchemi ni maangavu, na yanapokutana unaona mstari. Natumbukiza kipimajoto upande huu, kisha ule. Kaskazini mwa Florida, Marekani, jimbo lenye chemchemi zaidi ya 1,000, upande wa chemchemi hukaa karibu nyuzi 22 za Selsiasi kiangazi na kipupwe. Ndiyo maana nguva hukimbilia humo mto unapopoa. Maji yaliyo chini ya nyuzi 20 huwadhuru. Joto hilo halitoki kwenye volkano. Maji yamekaa ardhini hadi yakalingana na mwamba, na mwamba huo hubeba wastani wa joto la mahali pale kwa mwaka mzima.

Panda mkondo asubuhi ungali na nguvu. Jioni maji yenyewe yatakurudisha. Piga kafi ukiambaa ukingo, ambako mkondo si mkali, na tafadhali usikanyage nyasi za majini.

Kisha unafika kwenye jicho, pale maji yanapotokea ardhini. Kwenye machimbuko madogo inama uutazame mchanga: unatokota kama uji mzito, punje zinainuka, zinageuka, zinatua, zinainuka tena, na maji juu yake yametulia kabisa. Kwenye machimbuko makubwa unakuta pango la buluu. Chemchemi ya daraja la kwanza hutoa zaidi ya lita 2,800 kila sekunde, mfululizo, usiku na mchana. Usisimame kwenye ukingo wa mwamba. Mara nyingi maji yameula kwa chini.

Sasa uache mtumbwi, kisha utembee kwa miguu kuelekea nyanda za juu. Wengi huliruka jambo hili, nami naliona ndilo nusu ya safari. Kwenye nchi ya mawe ya chokaa utakuta mashimo yaliyobonyea, mengine yakimeza vijito vizima. Mvua huchukua kabonidioksaidi kwenye udongo, inakuwa asidi dhaifu, nayo hutafuna chokaa hadi njia za maji zifunguke. Njia hizo hazichuji vizuri. Mbolea inayomwagwa shambani hupita humo ikiwa naitreti, chumvi ya nitrojeni inayorutubisha mimea, na mwani unaofunika nyasi za chini umechochewa na shamba ambalo mpiga kafi hakuliona. Inaniuma sana kukuta jicho nililolijua jeupe limegeuka utelezi wa kijani.

Kwa kuwa njia hizo hazichuji vijidudu pia, chemsha maji kabla ya kunywa, hata yakiwa maangavu namna gani. Hema liwe angalau mita 60 kutoka majini, na choo vivyo hivyo, mbali na mashimo pia.

Ukiamka kabla ya jua siku ya baridi, tazama ukingoni. Ukungu hupanda juu ya maji yenye joto. Ukiona kishungi kimoja cha ukungu kimesimama peke yake chini ya mizizi, mbali na jicho kubwa, peleka mtumbwi pale na utumbukize kipimajoto. Huenda kuna chemchemi nyingine uliyoipita jana bila kujua.