Je, wajua kwa nini torrenti haikufichi?

Ukiwa unashusha faili kwa torrenti, yaani njia ya watumiaji kupeana mafaili moja kwa moja baina ya kompyuta zao, fungua sehemu ya programu inayoonyesha wale mnaobadilishana nao. Utakuta anwani ya IP ya kila mmoja (namba inayotambulisha laini yake ya intaneti), bendera ndogo ya nchi yake, programu anayotumia na asilimia aliyofikia. Hao ni watu usiowajua kabisa, na wewe pia unaonekana vivyo hivyo kwao.

Hiyo si hitilafu. Bram Cohen alipotoa BitTorrent, mfumo unaoendesha torrenti, mwaka 2001, alilenga kusambaza mafaili makubwa kwa wepesi. Faili hukatwa vipande, na kila anayeshusha huwapa wengine vile alivyokwisha kupata. Sasa kipande kitakufikiaje kama anwani yako haijulikani? Ndiyo maana programu ikianza kazi tu huitangaza kwa seva iitwayo traka, au kupitia DHT, yaani orodha inayotunzwa na kompyuta za washiriki wenyewe.

Wengi huwasha usimbaji fiche (kugeuza data isisomeke na wengine) ndani ya programu wakadhani wamejificha. Usimbaji huo huwatatiza walio njiani, kwa mfano kampuni ya intaneti inayobana kasi ya torrenti. Lakini anayekuchunguza hana haja ya kukaa njiani. Anajiunga na faili ileile kama mshiriki mwingine yeyote, anaomba kipande, unampa. Kampuni zinazowafanyia kazi wenye hakimiliki hukusanya anwani hivyo, pamoja na tarehe na saa. Ujerumani, barua ya mwanasheria ya kudai fidia humfikia mwenye laini ya intaneti nyumbani kwake.

Je, Tor, mtandao unaopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta kadhaa ili kuficha anwani yako? Mradi wa Tor wenyewe ulionya mwaka 2010 kwamba baadhi ya programu za torrenti huandika anwani yako halisi ndani ya ujumbe unaokwenda kwa traka. Ujumbe unapita njia ya siri huku umebeba jina lako! VPN, huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva yake, ina nafuu, kwani wenzako huona anwani ya VPN. Ila mwenye VPN anakujua, na ikikatika ghafla bila kizuizi cha kusimamisha intaneti, anwani yako inatoka nje.

Kwa anayehitaji siri kwa dhati, mathalani mwanahabari anayesambaza video ya ushahidi, ningeelekeza macho kwenye I2P, mtandao uliojengwa kuwaficha mtoaji na mpokeaji kwa pamoja. Torrenti hufanya kazi humo ndani bila IP kuonekana kwa mwenzako. Kila kipande hupitia kompyuta kadhaa kabla ya kufika, kwa hiyo kasi hushuka sana.