Mtoto anayesema "titamoo"

Mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 4 na miezi 3 kliniki, ninapowafundisha watoto kutamka, ila hakumleta kwa sababu ya matamshi. Alimleta kwa sababu mtoto ameacha kusalimia. Mgeni akibisha hodi nyumbani kwao Mbagala, yeye anakimbilia chumbani. Ndugu wameshaanza kusema kadekezwa, hana adabu. Nilikaa naye mkekani, tukacheza na magari yake kama robo saa, ndipo akaniamkia mwenyewe kwa sauti ya chini: "Titamoo." Nikamjibu marahaba. Akanikazia macho, akisubiri nicheke.

Adabu anayo, tena nyingi. Alichokosa ni sauti mbili, sh na k, na zote mbili zimo ndani ya neno ambalo kila mtoto wa Kiswahili analazimika kulisema mbele ya watu kila siku. Akiomba kiti, kinachotoka mdomoni ni jina la kiungo cha mama anayenyonyesha, na watu wazima wanaangua kicheko. Ukichekwa hivyo mara kumi, utanyamaza. Wapo wengi ninaowapokea waliokwisha kunyamaza, na ndiyo maana naandika.

Nianze na neno ambalo wazazi hulitumia kuliko yote: "Sema vizuri." Wanalisema kwa mapenzi, nami siwalaumu. Lakini mtoto huyu anadhani amesema vizuri. Au anajua amekosea, ila hajui ulimi auweke wapi. Kumwambia arudie ni kumfanya alizoee kosa lile lile, na safari hii akiwa na hofu.

Nini hasa kinatokea? Ukitamka t, ncha ya ulimi inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu. Ukitamka k, ncha inatulia chini, na shina la ulimi kule nyuma ndilo linalopanda kugusa kaakaa laini. Jaribu sasa hivi: ta, ka, ta, ka. Mtoto mdogo huanza na zile za mbele kwa kuwa anaziona kwenye midomo ya mama na anazihisi kwa urahisi. Kwa hiyo kila cha nyuma anakileta mbele: kuku anakuwa "tutu", gari inakuwa "dali". Kwa mtoto wa miaka 2 hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kwa kawaida huisha kabla ya miaka 4. Likivuka hapo, usingoje.

Kipimo ninachowapa wazazi ni hiki: mtu asiyemjua mtoto, tuseme muuza genge, anamwelewa kiasi gani? Akiwa na miaka 3, robo tatu ya anayosema ieleweke. Akiwa na miaka 4, karibu yote, hata kama sauti moja moja haijakaa. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2018, yaliyokusanya tafiti za lugha 27, yalionyesha kwamba watoto wengi wakifika miaka 5 wanakuwa wamezipata karibu konsonanti zote za lugha yao.

Lakini tusiwaonee watoto. Kama baba anasema "mala moja" na shangazi anasema "nimerara", mtoto anayechanganya r na l amejifunza sawasawa kile anachokisikia. Huo ni usemi wa nyumbani kwao, siuiti ugonjwa. Vivyo hivyo "selasini" na "zahabu": nusu ya mtaa wanasema hivyo na maisha yanaendelea. Mwalimu anaweza kuyarekebisha darasani kwa ajili ya kusoma na kuandika, ila kwangu hayo hayana kitanda.

Kabla ya zoezi lolote, masikio. Mtoto aliyekuwa akitokwa usaha masikioni, au anayeuliza "eeh?" kila mara, au anayeongeza sauti ya televisheni, apimwe usikivu kwanza. Idara ya masikio, pua na koo pale Muhimbili wanafanya kazi hiyo. Siwezi kumfundisha mtoto sauti asiyoisikia. Na mtoto ambaye maneno yake yanatokea puani, hasa aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, aonwe na madaktari wa upasuaji kwanza, maana mazoezi hayazibi tundu.

Kimeo nakitaja kwa sababu bado kuna watoto wanaopelekwa kukatwa. Kimeo hakihusiki na t wala k. Kukikata kienyeji kunaleta damu nyingi na maambukizi, na mtoto anarudi nyumbani na "titamoo" yake ile ile. Nawaomba wazazi, kwa heshima zote kwa wazee wetu, msifanye hivyo. Na upande mwingine kuna filimbi, mapovu ya sabuni na kupuliza kwa mrija, mambo yanayouzwa kama mazoezi ya kuimarisha ulimi. Mtoto anafurahi, lakini k haitoki kwenye filimbi. Ulimi wa mtoto huyu unatafuna muwa bila shida yoyote. Nguvu unazo, kinachohitajika ni kuujua mwendo wa sauti, na mwendo wa sauti unafundishwa kwa sauti.

Sasa kazi yenyewe. Naanza na sikio. Kila kikao kinafunguliwa kwa dakika mbili za kusikiliza tu: mtoto anapaka rangi, mimi nasoma polepole maneno kama kumi na tano yenye k. Kuku, kofia, kamba, koti, kuni, kabati. Simwambii arudie. Kisha tunacheza hukumu: nina kikaragosi cha soksi kinachokosea maneno, na mtoto ndiye hakimu. Soksi ikisema "tofia", mtoto anaitikisia kichwa. Wengi wanakamata kosa la soksi wiki mbili kabla hawajakamata la kwao, na hiyo ni dalili njema.

Halafu kuitafuta k yenyewe. Mtoto analala chali mkekani. Akilala hivyo ulimi unarudi nyuma kwa uzito wake, nusu ya kazi imekwisha. Namwomba akohoe kidogo kidogo, kama babu aliyepaliwa na uji. Wengine wanaipata kwa kusukutua koo na funda dogo la maji, wamekaa na kichwa kimeinuliwa. Kama ncha ya ulimi bado inakimbilia mbele, mtoto anaibonyeza kwa kidole chake mwenyewe kilichonawa, halafu anajaribu kusema "ta". Haiwezekani; kinachotoka kinakaribia "ka". Mtoto wa Mbagala ilimtoka siku ya pili, amelala chali, akashtuka akaniangalia. Mama yake alijifuta macho kwa upande wa kanga.

Hapa ndipo Kiswahili kinapodai kiheshimiwe. Irabu zina mpangilio. "Ku" na "ko" ndizo nyepesi kwa sababu u na o zinavuta ulimi nyuma. "Ka" inafuata. "Ke" na "ki" ndizo ngumu, maana i inauleta ulimi mbele, palepale inapokaa t. Na angalia lugha yetu ilivyojaa "ki": kiti, kisu, kijiko, kikombe, kitabu. Ngeli nzima! Mzazi anayeanza na "kiti" eti ni neno la kila siku anaanzia kileleni mwa mlima. Anza na kuku. Kaa kwa kuku wiki nzima.

Ndiyo sababu kadi za picha zilizotungwa kwa Kiingereza hazitufai, hata ziwe na rangi nzuri kiasi gani. Niliwahi kupewa seti yenye picha ya ufunguo kando ya picha ya chai, kwa sababu kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanatofautiana kwa sauti moja tu. Kwetu sisi ufunguo na chai vinahusiana nini? Kadi zile zinatumia wiki nzima kwa konsonanti za mwisho wa neno, wakati maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Shida za watoto wetu ziko kwingine: kwenye mb na nd na ng, na kwenye urefu wa maneno. Kipepeo anakuwa "pepeo", kitabu kinakuwa "tabu". Kwa hilo tunapiga makofi silabi kwa silabi, ki-ta-bu, makofi matatu. Na mzazi awe makini: mbuzi ni makofi mawili, na mbu pia ni mawili, m-bu. Mtoto mwenye sikio zuri analijua hilo kabla ya mwalimu wake.

Kwa hiyo nilichora jozi zetu. Kaa na taa. Kope na tope. Kanga na tanga. Mkaa na mtaa. Neno moja kila upande, sauti moja ndiyo inayobadilika. Mtoto akishaweza kutoa k, walau kwenye silabi, naziweka kadi chini na kumwambia aniagize. Akitaka kaa na akasema "taa", nampa taa. Simsahihishi, simkatazi, nampa alichotaja. Anakunja uso, anairudisha, anafikiri, na hapo kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti ile inakuwa na faida kwake. Lakini tahadhari: mchezo huu usichezwe kabla k haijapatikana. Ukimpa taa mara ishirini mtoto asiye na njia ya kusema kaa, umemtesa.

Kuna jozi nyingine ambayo haichoreki, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. "Mama anakupenda." "Mama anatupenda." Tofauti ni k na t, na ndani ya tofauti hiyo wamo wewe na sisi. Mtoto anayeleta kila kitu mbele hawezi kumwambia mdogo wake "nitakupa"; inatoka "nitatupa". Mdogo analia, ugomvi unaanza, na mama aliyeko jikoni anadhani watoto hawa hawapendani.

Sauti mpya inataka kurudiwa mara nyingi. Ndani ya nusu saa nalenga k mia moja, na njia ya kuzipata bila mtoto kuchoka niliipata kituoni. Dar es Salaam ni mji wa k! Tunapanga viti kama daladala, mtoto anakuwa konda. Tunaanza na Kurasini, kisha Kawe, kisha Kariakoo: "Kariakoo, Kariakoo, Kariakoo!" Anapiga bodi, anaita abiria, hajui kama yuko kwenye matibabu. Keko inakuja baadaye. Kimara na Kinondoni mwezi wa pili. Kigogo ndiyo kituo cha mwisho, kwa kuwa ina "ki" na g mbili, na g nayo inatamkwa palepale nyuma.

Nyumbani natoa dakika kumi kwa siku, si zaidi, na mara nyingi simpi mama. Mama anatoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku. Anayeshinda na mtoto ni dada wa nyumbani au bibi, basi huyo ndiye namwomba aje kliniki. Bibi wa mtoto huyu, anayemwita "mume wangu", alielewa upesi kuliko sote. Mtoto akisema "Tutu ametula", bibi anajibu: "Ehee, kuku amekula. Kuku huyo, mume wangu, kuku amekula mahindi yangu yote?" K nane masikioni mwake, na hakuna aliyemwambia amekosea. Nje ya zile dakika kumi nataka iwe hivyo tu. Na sauti moja kwa wakati mmoja: tukiwa kwenye k, r ikipotea iache ipotee.

Si kila mtoto anafuata njia hii. Akisema neno moja kwa namna tatu tofauti ndani ya dakika tano, mara "kuku" mara "puku" mara "tubu", huyo ana shida ya aina nyingine. Kwake tunachagua maneno machache anayoyahitaji kila siku, majina ya nyumbani na vyakula, na kuyaimarisha moja moja mpaka yatoke kwa namna ile ile kila mara. Jozi za picha zitamchanganya zaidi. Na wazazi wanaoniuliza kama shule ya Kiingereza ndiyo iliyoharibu matamshi, jibu ni hapana. Lugha mbili hazileti tatizo hili.

Mtoto wangu wa Mbagala sasa ana wiki ya kumi na moja. K imekaa kwenye kuku, kaka, Kariakoo, na juzi kwa mara ya kwanza kwenye kiti. G ilikuja yenyewe, hatukuifundisha, kama inavyotokea mara nyingi k ikishatulia. Sh bado. Akiingia kliniki anasimama mlangoni, ananishika mkono, anasema "Tikamoo", halafu hangoji tena kuona kama nitacheka. Anakwenda moja kwa moja kwenye viti vya daladala. Sh tutaianza mwezi ujao, tukipitia s kwanza, kwa kadi ya saa na kadi ya taa.