Hekima ya Jumatatu: dhana tunazozirudia kuhusu mafundisho ya Biblia, na ukweli wake

Mwaka 1891 Wamoravian walifungua kituo Rungwe, na mwaka huohuo Walutheri wa Misheni ya Berlin wakaanza kazi upande mwingine wa Unyakyusa. Baadaye Injili ikapanda hadi Ukinga na Ubena, na Wakatoliki nao wakajenga Tosamaganga, jirani na mji wa Iringa. Kwa hiyo Nyanda za Juu Kusini hatuna njaa ya mistari. Wapo bibi zetu Tukuyu wasiojua kusoma, ambao watakutajia zaburi nzima bila kukwama.

Shida yetu ni nyingine. Mafundisho tunayashika nusunusu, au tunayashika pale tu yasipotugharimu kitu. Nimekusanya hapa dhana ninazozisikia mara kwa mara, nyingi zikihusu kitabu cha Mithali, kwa kuwa ndicho kinachozungumza sana habari za mizani, deni, shamba na ulimi. Hayo ndiyo mambo ya Jumatatu.

Dhana: "Biblia inasema, jisaidie nami nitakusaidia."

Haisemi hivyo popote, tangu Mwanzo hadi Ufunuo. Ni kweli Mithali inasifu bidii. Inamtuma mvivu kwa chungu akajifunze (6:6), na inamkemea asiyelima kwa sababu ya baridi (20:4). Onyo hilo la baridi wanalielewa vizuri wakulima wa vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wa Iringa na Njombe, wanaoshuka mabondeni alfajiri ya Juni vidole vikiwa vimekufa ganzi. Lakini msemo wa "jisaidie" huwa tunautumia kumfungia mlango asiyeweza kujisaidia: mgonjwa, mjane, mtoto aliyebaki na bibi. Mithali 14:31 inasema amwoneaye maskini humsuta Muumba wake. Huo mstari upo kweli, na ndio unaopaswa kuchukua nafasi ya ule usiokuwepo.

Ndugu wa dhana hiyo ni "fedha ni chanzo cha maovu yote". Paulo aliandika habari za kupenda fedha (1 Timotheo 6:10). Mtu asiye na shilingi anaweza kuipenda fedha kuliko tajiri.

Dhana: "Nikiwa na mstari wangu wa siku, nimelishika neno."

Wamoravian walitoa kijitabu chao cha kwanza cha neno la kila siku mwaka 1731, huko Herrnhut, Ujerumani. Kila siku ina mstari wa Agano la Kale uliopatikana kwa kura, kisha unachaguliwa mstari wa Agano Jipya wa kwenda nao sambamba. Desturi hiyo imelea imani ya watu wengi hapa kwetu na ninaiheshimu. Lakini angalia ilivyopangwa: mstari mmoja unasindikizwa na mwingine, na watu wote wanasoma neno lilelile siku ileile, wapate kulizungumza. Hilo ni tofauti kabisa na kufumba macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole ili kujua kama uuze ng'ombe.

Chukua Yeremia 29:11, mstari unaopendwa sana kwenye status za WhatsApp: Mungu anayajua mawazo anayowawazia, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ni sehemu ya barua kwa mateka waliopelekwa Babeli. Mstari wa 10 umewaambia watakaa huko miaka 70. Mstari wa 5 umewaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake. Aliyekosa ajira na kubandika mstari wa 11 peke yake ataona Mungu amechelewa ikifika Desemba. Aliyesoma barua nzima atapanda bustani.

Na Mithali yenyewe inakataa kusomwa kipande kipande. Sura ya 26, mstari wa 4 unasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Mstari wa 5 unasema mjibu. Walioziweka pamoja hawakukosea. Wanamtaka msomaji apime: huyu ni nani, tuko wapi, nikijibu itakuwaje? Kuna siku kunyamaza kwenye kikao cha ukoo ndiyo hekima, na kuna siku kunyamaza ni kumwachia mwongo uwanja.

Dhana: "Kanisani ni kanisani, biashara ni biashara."

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo tunapoumizana.

Viazi vya Njombe na vya milima ya Mbeya huondoka kwa malori kwenda Dar es Salaam na kwingineko. Mnunuzi hufika shambani na magunia yake, nayo hayashonwi yakijaa. Yanaongezwa nyavu juu, yanapandishwa kichwa, yanasukumwa na kushindiliwa mpaka yanaitwa lumbesa. Mkulima analipwa kwa gunia. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilisema jambo hilo kwa miaka mingi. Viazi vilevile vikifika mjini huweza kuuzwa kwa kilo.

Kumbukumbu la Torati 25:13–15 inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja kubwa na moja dogo. La kubwa lilikuwa la kununulia, la dogo la kuuzia. Lumbesa ni hilo jiwe kubwa. Amosi naye (8:5) aliwataja wafanyabiashara waliongojea Sabato iishe haraka ili warudi kupunguza kipimo na kuongeza bei. Walihudhuria ibada, na hata siku takatifu waliishika. Mithali 11:1 inamaliza maneno: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, Bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Haisemi chukizo kwa serikali. Na anayesimama pale shambani akiviponda viazi vya mwenzake, kwamba ni vidogo, vina matope, havina soko, halafu akishapakia anajisifu njiani kwa bei aliyopata, ajisome katika Mithali 20:14. Ameandikwa pale kama alivyo.

Sisi wakulima nasi hatuna mikono safi yote. Viazi vidogo tunavifukia katikati ya gunia na vikubwa tunavipanga mdomoni. Sokoni kuna debe lililobonyezwa kitako na kisado kilichopandishwa sakafu. Mpunga unauzwa haujakauka ili uwe mzito. Mama anayeuza kwa kisado cha namna hiyo anaweza kuwa mwimbaji wa kwaya, na mnunuzi anayepigwa ni jirani yake wa benchi.

Mkulima mmoja akigoma kushona lumbesa, lori linaenda shamba la pili. Hili halishikiki na mtu mmoja mmoja. Wakulima wa kijiji kizima wakikubaliana, na wakawa na mizani ya pamoja, mnunuzi atapima. Makanisa yetu yananunua vipaza sauti vya mamilioni. Sioni kwa nini usharika wa vijijini usiweze kununua mizani na kuiweka mahali ambapo kila mkulima, awe wa dhehebu lolote au Mwislamu, atapimia mazao yake. Kwangu hayo yangekuwa mahubiri ya Mithali 11 yaliyokamilika.

Dhana: "Mkristo wa kweli hawezi kukataa kumdhamini ndugu yake."

Nimeona watu wazuri wakipoteza mashamba kwa dhana hii. Mtu anakuja jioni na barua ya mkopo, anasema wewe ni mtu wa Mungu, weka sahihi tu, nitalipa mwenyewe. Siku hizi kuna mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, yenye marejesho ya kila siku au kila wiki. Na kwenye vikundi vya kukopa, mwenzenu akikimbia, mnalipa ninyi.

Mithali inaonya juu ya udhamini tena na tena: 6:1–5, 11:15, 17:18, 22:26–27. Inamwambia aliyekwisha kujifunga kwa maneno ya kinywa chake asilale usingizi, aende akamsihi rafiki yake mpaka ajinasue kama paa mkononi mwa mwindaji. Inauliza: ukiwa huna cha kulipa, kwa nini wachukue kitanda chako chini yako? Kitanda. Aliyeandika alijua jinsi wakusanya madeni wanavyoingia ndani ya nyumba.

Je, huo si uchoyo? Hapana, kwa sababu kitabu hichohicho kinasema amhurumiaye maskini humkopesha BWANA (19:17), na usimwambie jirani nenda urudi kesho ilhali kitu unacho (3:28). Toa ulichonacho. Usiahidi usichonacho. Ndugu akitaka umdhamini kwa milioni mbili na wewe una laki moja ya kumsaidia bila kuidai, mpe hiyo laki na ukatae sahihi. Atanuna, lakini kununa huisha kabla ya deni.

Halafu usiifiche karatasi chini ya godoro. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mwenzi mmoja kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Anayetumia Biblia kumharakisha mkewe atie kidole anavunja sheria ya nchi na pia wosia wa Mithali wa kutafuta mashauri.

Dhana: "Ukitoa malimbuko, ghala lazima lijae."

Mithali 3:9–10 inasema tumheshimu BWANA kwa malimbuko ya mazao yetu, ndipo ghala zitakapojazwa. Tunaupenda mstari huu wakati wa sikukuu ya mavuno, pale ndizi, kuku na magunia ya mahindi yanapopangwa mbele ya madhabahu, kisha yanapigwa mnada nje baada ya ibada. Ni siku nzuri. Kutoa huko ni shukrani.

Kosa huanza mhubiri anapoigeuza mithali kuwa mkataba: toa pesa ya mbolea, utavuna mara mia. Mithali hueleza jinsi maisha yanavyokwenda kwa kawaida yakishikwa kwa haki. Haimwahidi kila mtu kila msimu. Kitabu chenyewe kinakiri kwamba mwenye haki anaweza kuwa na kidogo, na kwamba kidogo hicho pamoja na haki ni bora kuliko mapato makubwa ya udhalimu (16:8). Ayubu alitoa sadaka zake na bado alipoteza vyote. Marafiki zake walijaribu kumpima kwa kanuni hiyo ya "ungekuwa mwema usingeumia", na mwishoni Mungu alikasirika nao, si naye. Mkulima wa Usangu aliyekosa maji ya mpunga asiulizwe ametenda dhambi gani. Asaidiwe mbegu.

Dhana: "Fimbo ndiyo malezi ya Biblia."

Mithali inaitaja fimbo, na hilo halifichiki (13:24). Lakini sura tisa za kwanza zimejaa mzazi anayezungumza: mwanangu, sikia, mwanangu, usisahau. Anaeleza sababu, anatoa mifano, anaonya mapema. Paulo anawakataza akina baba kuwachokoza watoto (Waefeso 6:4), na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu za kikatili. Mzazi anayejua mstari mmoja wa fimbo na hajawahi kukaa na mwanawe jioni wakazungumza, ameshika robo ya robo.

Dhana: "Usiondoe alama ya mpaka wa zamani, maana yake usibadili mila za wazee."

Mstari huu (22:28) hutolewa ukumbini mara nyingi, hasa binti anapoomba sehemu ya shamba la marehemu baba yake. Ukweli ni kwamba unazungumzia ardhi: jiwe la mpaka linalosogezwa usiku. Sura inayofuata imefafanua, kwamba usiingie katika mashamba ya yatima (23:10). Kwa hiyo anayeutumia kumnyima yatima wa kike shamba anaukanyaga mstari huohuo anaoutaja. Na kama swali ni urithi wa mabinti, Hesabu 27 ina kesi ya mabinti watano wa Selofehadi. Walidai, na Mungu akasema wamenena haki. Parachichi limepandisha thamani ya mashamba ya Njombe na Rungwe, kwa hiyo kesi hizi zitaongezeka.

Dhana: "Mithali 31 ni somo la bibi harusi."

Kwenye kicheni pati inasomwa kuanzia mstari wa 10. Sura yenyewe inaanza mapema zaidi, na anayefundishwa ni mwanamume, Mfalme Lemueli, kwa kinywa cha mama yake: asinywe akasahau sheria, afumbue kinywa kwa ajili ya bubu, awaamulie maskini kwa haki. Mistari tisa hiyo inafaa kusomwa kwenye kikao cha wanaume kabla ya harusi.

Kisha mwanamke anayesifiwa huangalia shamba na kulinunua (31:16). Mstari wa mwisho unaagiza apewe mapato ya mikono yake. Katika kahawa ya Mbozi na chai ya Rungwe, mama yumo kwenye palizi na yumo kwenye kuchuma, lakini malipo ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huingia kwa jina la mwanachama, ambaye mara nyingi ni baba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mke anaweza kujiunga na AMCOS kwa jina lake, na hati ya haki miliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wote wawili. Maombi ya hati hupelekwa kwa halmashauri ya kijiji.