Jasho linalodondoka halipozi: kunyonga baiskeli Dar wakati wa kaskazi

Wiki iliyopita, saa tano asubuhi, nilisimama nyuma ya muuza madafu pale Mwenge. Keria ilikuwa imejaa hadi juu, na mgongoni shati lake la bluu lilikuwa na mistari myeupe, mmoja juu ya mwingine, kama alama za maji yanapokupwa ufukweni. Ni chumvi. Kila shati lilipokauka, iliacha mstari wake. Nikamuuliza amekunywa nini tangu alfajiri. "Chai, mama. Kikombe kimoja." Na madafu yote yale!

Wengi wetu tunadhani kutoka jasho ndiko kupoa. Sivyo. Kinachopoza ni jasho kukauka juu ya ngozi: kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto la takriban kilokalori 580. Tone linalodondokea usukani halijabeba kitu, umepoteza maji na chumvi bure. Na joto la kuondoa ni jingi, maana katika nguvu anayotumia mnyonga baiskeli, kama robo tu ndiyo inayozungusha magurudumu. Inayobaki inapasha mwili.

Ndiyo maana Dodoma mtu hunyonga mchana kutwa akadhani hatoki jasho; linakauka kabla hajaliona. Dar, kati ya Desemba na Machi, hewa imejaa mvuke wa bahari na ina nafasi ndogo ya kupokea zaidi. Jasho linatiririka, mwili unazidi kuchemka. Hilo ndilo fukuto.

Hapa simu huwachanganya watu. Alfajiri inaonyesha unyevu asilimia 90, saa nane mchana asilimia 65, na mtu anahitimisha kwamba mchana kuna nafuu. Asilimia hiyo hupimwa kulingana na joto la wakati ule. Mvuke uliomo hewani haujapungua sana. Hewa imepata moto, ikawa na uwezo wa kubeba mvuke mwingi zaidi. Alfajiri huna jua kichwani na hewa ni ya nyuzi 25 hivi badala ya 32. Toka alfajiri.

Jambo lisilosemwa sana ni upepo. Ukienda kilometa 15 kwa saa na upepo ukakusukuma kwa kasi hiyohiyo kutoka nyuma, unajiona bingwa, kumbe umekaa kwenye hewa iliyosimama. Safari inayoonekana rahisi ndiyo inayopika. Vivyo hivyo mlimani, ambako kasi ni ndogo na kazi ni kubwa, na kwenye foleni katikati ya injini za malori. Punguza nguvu hapo, au shuka usukume.

Kuhusu kunywa: saa moja ya fukuto inaweza kukutoa lita nzima ya jasho, pengine zaidi, lakini watu hawalingani. Jipime uzito kabla na baada ya safari. Kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Ukikuta umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari kwa sababu chumvi ya damu inazimuliwa. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, ila sodiamu yake, ile iliyomo kwenye chumvi, ni kidogo, na sodiamu ndiyo iliyobaki kwenye shati la yule kijana. Kwa safari ndefu, embe bichi la chumvi na pilipili linajazia vizuri, kama huna shinikizo la damu. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni ishara kwamba umechelewa.

Jezi nyepesi ya mitumba yenye vitundu inafaa kuliko fulana nzito ya pamba, ambayo ikilowa haikauki. Wale wanaojifunga nailoni tumboni ili "kuyeyusha mafuta" wanapoteza maji tu. Uzito utarudi na glasi ya kwanza.

Aliyehamia kutoka Mbeya au Arusha ajipe siku 7 hadi 14 za safari fupi. Katika muda huo mwili hujifunza kutoa jasho mapema na lenye chumvi kidogo.

Mwenzako akianza kuyumba, kutapika au kuongea maneno yasiyoeleweka, msisubiri mpaka ngozi ikauke. Kiharusi cha joto kinachotokana na kazi, yaani mwili kushindwa kujipoza, mara nyingi humpata mtu akiwa bado analowa jasho, na joto la ndani ya mwili hupita nyuzi 40. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima mfululizo huku mkimpepea, na mwingine atafute gari la hospitali. Msimnyweshe kitu akiwa hajitambui. Wala msimpe dawa ya kushusha homa. Hii si homa, dawa hiyo haitashusha chochote. Endeleeni kummwagia maji hadi gari lifike, hata kama watazamaji wanasema mnamtia baridi.