ET ya rimu: ofseti kubwa haitoi tairi nje

Wiki hii nimesikia tena, kijana kasimama duka la rimu anamwambia muuzaji "nataka zenye ofseti kubwa, zitoke nje zijae kwenye fenda", na muuzaji anaitikia kwa kichwa. Nimeshaisikia hii mara nyingi mno, kwa mafundi, kwa madereva, hata kwa watu wanaojua injini zao vizuri kabisa, kwa hiyo leo naiandika.

Maana yenyewe ni fupi. Ofseti ni umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaolala kwenye habu (kile kitovu cha gari kinachobeba gurudumu) pale unapofunga nati. Uso ukiwa katikati kabisa ni sifuri. Ukisogea upande wa nje, upande ule unaouona gari likiwa limepaki, namba ni chanya, na ukisogea upande wa shokapu ni hasi. Basi. Sasa fikiria kidogo: habu haihami, imekaa palepale kwenye gari, kwa hiyo uso wa kufungia ukisogezwa nje kinachohama ni rimu nzima, nayo inahamia NDANI. Namba kubwa, tairi ndani. Namba ndogo, tairi nje. Yule kijana alitaka ofseti ndogo.

Mimi nadhani kosa halianzii kwa watu, linaanzia kwenye neno. Geuza rimu utaona mara nyingi kumechorwa ET, ndiyo hiyo ofseti yenyewe, mfano ET45 au ET53, na wengi husoma "iiti" bila kujiuliza herufi hizo zimetoka wapi maana kwenye "ofseti" hamna E wala T ya kuanzia. Ni Kijerumani: Einpresstiefe. Ein ni ndani, pressen ni kushindilia, Tiefe ni kina. Kina cha kushindilia ndani. Limetokana na jinsi rimu za chuma zinavyotengenezwa, kuna pete ya nje inayobeba tairi na kuna sahani ya katikati yenye matundu ya nati, sahani inashindiliwa ndani ya pete halafu inachomelewa, na fundi alihitaji kujua aishindilie mpaka wapi. Neno limebeba kazi yenyewe, lina "ndani" humohumo. Kiingereza kikaja na ofseti, ambayo ni kitu kilichowekwa kando tu, kando ya upande gani haikuambii, na sisi tukachukua hilo la Kiingereza. Ukiambiwa kitu kimewekwa kando sana, akili inakipeleka nje. Wajapani wanaotengeneza rimu utakuta siku hizi wengine wanachora INSET badala ya OFFSET, na naona wamefanya la maana, maana pale upande umetajwa.

Halafu kuna lile la kina. Watu wakiona rimu yenye bakuli refu mbele wanasema ina ofseti kubwa. Kina wanachokiona ni cha usoni, wakati kina cha ET kipo mgongoni. Ilaze rimu kifudifudi, mgongo juu, utazame chini kule inakoingia habu: rimu ya ET kubwa ina shimo refu upande huo, na uso wake wa mbele umekuja karibu bapa. Rimu yenye bakuli refu mbele, mgongoni haina kina. Ni kinyume kabisa, na mtu akishaigeuza kwa mkono wake mara moja huwa hasahau.

Kwenye gari la spoti hili lina gharama. Chukua Subaru Impreza WRX STI ya 2004, ambayo tunaijua wote huku kwetu. Ilitoka na rimu za inchi 17, upana 7.5, ET53, tairi 225/45 (upana wa tairi milimita 225, ubavu wake asilimia 45 ya upana huo). Namjua mtu aliyeagiza za inchi 18, upana 8.5, akasisitiza "ofseti kubwa", akaletewa ET55, na aliyemtumia alimtumia kwa uaminifu kile alichoomba. Piga hesabu: nusu ya inchi 7.5 ni milimita 95, jumlisha 53, rimu ya kiwandani inaingia ndani 148 kutoka habu. Nusu ya 8.5 ni 108, jumlisha 55, inakuwa 163. Milimita 15 zaidi kuelekea shokapu, na pale nafasi hiyo hakuna. Tairi likawa linasaga shokapu. Alichokisahau ni upana, maana inchi moja iliyoongezeka inagawanyika nusu kwa nusu, ndani na nje, na ET ndiyo inaamua mgao huo uishie wapi. Upana na ET havitajwi kimoja bila kingine, hata siku moja. (Na ukikuta rimu imechorwa 8.5J, hiyo J si kipimo cha upana, ni umbo la ule ukingo unaoshika tairi.)

Tairi lenyewe hakulikosea, alivaa 225/40, na kipenyo kinatoka milimita 637 badala ya 634 za mwanzo, tofauti ambayo spidomita haiihisi.

Dawa aliyopewa na fundi ni spesa, ile sahani inayokaa kati ya habu na rimu, ya milimita 20. Spesa inapunguza ET, hiyo ndiyo kazi yake yote, 55 toa 20 unabaki na 35, tairi likatoka, likaacha shokapu. Ila ukishaweka spesa hakikisha stadi, zile bolti za habu, zinabaki na uzi wa kutosha kushika nati, zikiwa fupi weka ndefu, hilo si la kubahatisha kwenye gari linalokimbia.

Sasa kwa nini usitoe nje mpaka mwisho kama wengi wanavyopenda? Faida ipo, sikatai, tairi zikikaa mbali mbali gari linalala kidogo kwenye kona na uzito hauhamii upande mmoja kwa kiasi kilekile. Lakini kuna mstari mmoja muhimu, ule unaopita kwenye maungio ambayo gurudumu linazungukia unapokata kona, ukiushusha mpaka chini unagusa ardhi mahali fulani karibu na katikati ya tairi. Mhandisi aliipanga nafasi hiyo kwa makusudi. Audi 80 ya 1972 ilijulikana kwa hili, mstari uligusa chini nje ya katikati ya tairi, ili ukikanyaga breki upande mmoja barabara ikiwa na utelezi gari lijisahihishe lenyewe. Kupata hivyo unahitaji gurudumu limeze habu, yaani ET kubwa, ndiyo maana magari mengi ya kisasa yanakuja na 40, 45, 50 na kuendelea. Ukishusha mpaka 15 au 20 kwenye gari lililopangiwa 53, tairi linapata mkono mrefu wa kuvuta usukani, kila shimo unalisikia mikononi, gari linafuata mifereji ya lami iliyochimbwa na malori, beringi za habu zinabeba mzigo kwa pembeni na springi inakuwa kama imelegea ilhali ni ileile. Rimu za ET sifuri na chini ya hapo zina magari yake, mengi ya porini, yamepangiwa hivyo.

Kwa STI hiyo ya 17 kwa 7.5, kama unataka 8.5 bila kubadili bodi, tafuta ET kwenye arobaini na kitu za juu. ET48 inakuingiza ndani milimita 8 na kukutoa nje 18. Pima kwanza nafasi ya shokapu kwa kidole, na fenda ukiwa umekunja usukani mpaka mwisho.

Kwa hiyo ndugu yangu wa dukani, ulichotaka kinapatikana, na jicho lako halikukosea kuona tairi la kiwandani limejificha. Mwambie tu muuzaji "nataka ET ndogo kuliko ya mwanzo", mpe na upana, na kabla hujalipa mwombe aigeuze rimu uisome mgongoni.