Uliwahi kuugua dengi? Mara ya pili ndo ya kuangalia

Niliugua dengi, ile homa ya kuambukizwa na mbu, Dar 2019, sasa nimerudi zangu Mbeya. Si nina kinga tayari?

Unayo, ila ya aina moja tu. Virusi vya dengi viko aina 4, ile uliyougua mmeshamalizana nayo, zile 3 zilizobaki zinakuogopa miezi michache tu alafu basi. Ukipata aina nyingine baada ya hapo, uwezekano wa kuugua vibaya unakuwa mkubwa kuliko mara ya kwanza. Wengi wanapona vizuri tu lakini.

Kinga inazidishaje ugonjwa? Haiingii akilini!

Kingamwili za zamani, yaani walinzi ambao mwili uliwatengeneza ulipougua mara ya kwanza, zinamng'ang'ania kirusi mpya lakini haziwezi kummaliza, na chembe nyeupe za damu zikiona kitu kimeshikwa na kingamwili zinakimeza, ndo kazi yake, kumbe humo ndani ndo dengi inapozaliana. Mlinzi kamkamata mwizi alafu anamwingiza mwenyewe sebuleni. Virusi wakishajaa mishipa midogo inaanza kuvujisha maji ya damu, presha inashuka, wengine wanatokwa damu. Cuba walipigwa na aina ya 1 mwaka 1977, mwaka 1981 ikaja aina ya 2 wakafa watu 158, wengi watoto, ila vitoto vya mwaka mmoja na miwili, ambavyo vilizaliwa ile ya kwanza ishapita, karibu vyote vilikwepa ule ukali. Mi huo mfano ndo ulinimaliza ubishi.

Na chanjo je?

Ufilipino walianza kuchanja wanafunzi 2016 kwa Dengvaxia, mwaka uliofuata Sanofi wenyewe watengenezaji wakasema asiyewahi kuugua dengi akichanjwa anaweza kuja kuugua vibaya zaidi. Zoezi likasimamishwa, watoto zaidi ya 800,000 washachanjwa.

Mbeya si baridi, inatuhusu nini?

Uyole sawa, Kyela kule joto je? Alafu dengi inachukua siku 4 mpaka 10 ndo homa ianze, unaumwa na mbu Dar mchana kweupe, unapanda basi, homa inakukutia Mwanjelwa. Ukipima malaria haipo, mwambie daktari umetoka wapi na kwamba dengi ulishawahi kuugua. Kunywa maji sana, dawa iwe parasetamo, aspirini na diklofenaki achana nazo, zinaongeza kutoka damu. Na homa ikishuka usikimbilie shamba, hizo siku moja mbili zinazofuata ndo mbaya, tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au fizi zikitoa damu nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku.